Aiskrimu ya moshi, ya shanga na ya moto: nianzie wapi nikiwa na friza ya kawaida?

Swali: Shikamoo mwalimu. Napenda sana kutengeneza aiskrimu nyumbani, na siku hizi nimevutiwa na zile za kisasa: za kumwagiwa nitrojeni mpaka moshi ukajaa, za shanga, za vidonge vinavyopasuka mdomoni, na nimesikia ipo hata ya moto. Nina friza ya kawaida, brenda na mizani ya jikoni. Aiskrimu yangu ikikaa siku mbili tatu inakuwa na barafu inayosagika menoni. Nikitafuta nitrojeni, tatizo hilo litaisha? Na kati ya mbinu hizi ipi inafaa nyumbani, ipi ni mbwembwe tu?

Jibu: Marahaba. Nianze na hiyo barafu inayokusumbua, kwa sababu ukishaielewa, mambo mengine yote uliyoyataja utayaelewa bila shida.

Nitrojeni haitakuondolea tatizo lako. Itakupa aiskrimu laini ajabu pale inapotengenezwa, lakini ukiiweka kwenye friza hiyohiyo, baada ya siku chache utaikuta na barafu ileile. Kasoro iko ndani ya mchanganyiko wenyewe, na huko ndiko pa kuanzia.

Aiskrimu nzuri haijaganda yote. Ndani yake mna fuwele za barafu, mapovu ya hewa na vitone vya mafuta, na katikati ya hivyo vyote kuna shira nzito ambayo haigandi hata kwenye friza. Shira hiyo ndiyo inayokuwezesha kuichota kwa kijiko. Fuwele zikiwa ndogo, ulimi hauzitambui. Zikizidi takriban mikromita 50, yaani sehemu ya ishirini ya milimita, ulimi huanza kuhisi chengachenga. Sasa, friza yako huwaka na kuzima yenyewe, na mlango hufunguliwa mara kwa mara. Kila joto linapopanda kidogo, fuwele ndogo ndizo zinazotangulia kuyeyuka. Baridi ikirudi, yale maji hayaundi tena fuwele ndogo, bali huganda juu ya zile kubwa zilizobaki. Kubwa zinazidi kuwa kubwa, ndogo zinatoweka, na siku ya tatu meno yako yanakwambia.

Upishi wa kimolekuli, yaani upishi wa kisayansi ambao ndio unaozaa hizo mbinu za kisasa ulizozitaja, ukiondoa vyombo vya kung'aa na moshi, kwa upande wa vitu vya baridi unajishughulisha zaidi na swali moja: haya maji tuyafanye nini? Yapi yagande, kwa kasi gani, na yapi yazuiwe yasizurure. Mimi hupima kila mbinu kwa swali hilo. Mbinu inayolijibu naiheshimu hata kama haina moshi.

Na chombo cha kwanza cha kuyatawala maji ni sukari. Wengi huiona kama ya utamu tu, kumbe ndiyo inayoamua ni maji kiasi gani yatabaki bila kuganda. Kinachohesabika hapa ni idadi ya molekuli. Molekuli ya sukari ya kawaida ina uzito wa 342, ya glukosi ina 180. Kwa hiyo gramu moja ya glukosi ina karibu molekuli mara 1.9, na hushusha kiwango cha kuganda kwa kadiri hiyohiyo. Tena utamu wake ni takriban robo tatu tu ya utamu wa sukari. Yaani unaweza kuilainisha aiskrimu bila kuifanya itie kinyaa kwa utamu. Pombe ina nguvu zaidi, kama mara saba kwa kila gramu, ndiyo maana aiskrimu iliyotiwa pombe nyingi hubaki uji.

Jaribu mchanganyiko huu wa kilo moja. Maziwa yenye mafuta kamili gramu 590, krimu nzito gramu 200, sukari gramu 110, glukosi safi ya unga gramu 50, maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 48, na gamu gramu 2. Hapo mafuta yanakuwa karibu asilimia 9 na sukari uliyoongeza asilimia 16. Maziwa ya unga yana kazi yake, usiyaache: protini zake hushika maji na kusaidia kutunza hewa. Lakini usiyazidishe, kwani sukari ya maziwa iliyomo humo ikizidi hujitenga na kuwa mchanga, na mchanga huo hauyeyuki ulimini kama barafu inavyoyeyuka. Ukiona chengachenga zinazobaki hata baada ya ubaridi kuisha mdomoni, ujue ni huo, wala si barafu.

Hizo gramu 2 za gamu ndizo watu wanazoziogopa kwa sababu ya jina la kiwandani. Gamu ya guari ni unga wa mbegu ya jamii ya kunde. Ya zanthani hutolewa na bakteria wanaolishwa sukari. Haziwezi kuzuia maji yasigande. Zinachofanya ni kuifanya ile shira iwe nzito, maji yasafiri kwa taabu kutoka fuwele moja hadi nyingine. Ukitumia guari peke yake, gramu 2 kwa kilo zinatosha. Zanthani ni kali zaidi, anza na gramu 1. Ukizidisha, aiskrimu inavutika kama ulimbo na haitoi ladha yake vizuri. Changanya gamu na sukari ikiwa kavu kabisa kabla ya kuigusisha maji, la sivyo itafanya madonge ambayo brenda yako haitayavunja. Pasha mchanganyiko hadi nyuzi 80 hivi huku ukikoroga, upoze haraka, kisha ulaze kwenye jokofu usiku kucha. Huo usiku si wa kupoteza muda: gamu na protini zinakunywa maji, mafuta yanakaza, na siku ya pili hewa inakaa vizuri zaidi.

Onja mchanganyiko ukiwa bado una uvuguvugu, kabla hujaulaza jokofuni. Unapaswa kuuona mtamu kupita kiasi. Baridi hupunguza nguvu ya vipokezi vya utamu ulimini, kwa hiyo mchanganyiko wenye ladha ya kupendeza ukiwa vuguvugu utakuwa butu ukiganda. Chumvi kidogo pia haidhuru.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie kasi. Maji yakiganda haraka, fuwele nyingi huzaliwa kwa mpigo na zote zinabaki ndogo, maana maji yamegawanywa kwa wengi. Hiyo ndiyo fadhila halisi ya nitrojeni ya maji, inayochemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Si wazo la jana. Agnes Marshall, mwandishi wa mapishi wa Uingereza, alipendekeza tangu 1901 kwamba hewa iliyogeuzwa kimiminika ingeweza kugandisha aiskrimu mezani, mbele ya wageni. Ule moshi wenyewe, kwa taarifa yako, si nitrojeni. Nitrojeni haina rangi. Unaouona ni mvuke wa maji uliokuwa hewani, umepozwa ghafla ukawa ukungu. Hauongezi ladha hata chembe.

Nyumbani sikushauri, na nasema hivi kwa uzito wote. Lita moja ya nitrojeni ya maji ikichemka yote hutoa karibu lita 700 za gesi. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, ukiachia lita 5 humo bila dirisha, oksijeni inaweza kushuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 18, na chini ya 19.5 wataalamu wa usalama kazini huhesabu hewa kuwa na upungufu. Mwili haukupi onyo, kwa sababu gesi hiyo haina harufu wala haiwashi. Ukiifungia kwenye chupa yenye kifuniko, chupa hupasuka. Na kuimeza ni balaa. Mwaka 2012, huko Lancaster, Uingereza, msichana mmoja alikunywa kinywaji chenye nitrojeni ambayo haijaisha kuchemka, akaishia kuondolewa tumbo la chakula. Agosti 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu vyakula vinavyotiwa nitrojeni muda mfupi kabla ya kuliwa. Ukiikuta mahali pa wataalamu, kula kwa raha baada ya moshi wote kwisha. Nyumbani iache.

Kasi utaipata kwa njia ya kizamani ambayo kwa maoni yangu inadharauliwa bure. Chukua barafu iliyopondwa sehemu 3 kwa uzito, chumvi sehemu 1. Mchanganyiko huo unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, baridi kuliko friza nyingi za nyumbani zinazokaa kwenye 18. Na kwa kuwa ni maji yanayogusa chombo pande zote, hunyonya joto haraka kuliko hewa ya friza. Mimina mchanganyiko wako, uliokwisha poa hadi nyuzi 4, ndani ya mfuko imara wa plastiki wa chakula, ufunge ukitoa hewa, uubapishe usizidi unene wa sentimita moja. Uzamishe kwenye barafu ya chumvi, na uuminyeminye kwa mikono iliyovaa glavu. Utahisi ukingoni mwa mfuko panaanza kukaza kwanza: hapo ndipo pa kukanda, uvunje zile fuwele kabla hazijashikana. Ukishakuwa mzito kiasi kwamba ukiubonyeza alama ya kidole inabaki, uhamishie friza. Wembamba ule ndio siri. Bakuli la lita moja linaganda polepole kutoka nje kwenda ndani, na polepole ndiyo mama wa fuwele kubwa.

Njia ya pili inaiga mashine iitwayo Pacojet, iliyobuniwa Uswisi. Jikoni za mahoteli hugandisha mchanganyiko ukawa jiwe, karibu nyuzi 20 hadi 22 chini ya sifuri, kisha kisu chake kinachozunguka kwa kasi hulikwangua tabaka jembamba kwa tabaka. Mashine hiyo ni ghali mno kwa nyumbani. Lakini ukigandisha mchanganyiko kwenye trei ya vipande vya barafu, ukavitia kwenye brenda yenye nguvu au mashine ya kusagia chakula, ukasaga kwa vipindi vifupi huku ukikwangua pembeni, unapata kitu kinachokaribia sana. Kula siku hiyohiyo.

Sasa ile ya moto, ambayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu inapindua kila ulichozoea, na inawezekana jikoni kwako kabisa. Kinachotumika ni methiliselulosi, unga mweupe unaotokana na selulosi ya mimea. Kwenye pakiti za vyakula huandikwa E461. Tabia yake ni kinyume cha gelatini: ikiwa baridi ni kimiminika kizito, ikipashwa moto hukaza, ikipoa huyeyuka tena. Ute wa yai nao hukaza kwa moto, lakini yai halirudi lilikotoka. Hii hurudi. Sababu ni maji tena. Kwenye baridi, molekuli za maji huzunguka nyuzi za methiliselulosi na kuzitenganisha. Joto likipanda maji huachia, zile sehemu za nyuzi zisizopenda maji zinakutana zenyewe kwa zenyewe, na wavu unajengeka.

Zipo aina nyingi, na hapa ndipo wengi wanapokwama: kila aina ina joto lake la kukaza. Ulizia ile inayokaza imara kwenye nyuzi 50 hadi 60. Tumia kama asilimia 1.5 ya uzito wote, yaani gramu 15 kwa kilo. Mchanganyiko unaokubali vizuri ni wa mtindi mzito au jibini laini, maziwa, sukari na vanila. Pasha theluthi ya maziwa hadi karibu kuchemka, nyunyiza unga huku ukipiga kwa nguvu. Utaona hauyeyuki, umetawanyika tu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kisha ongeza vilivyobaki vikiwa baridi, piga tena, laza jokofuni hadi kesho. Asubuhi utakuta uji mzito unaong'aa. Chemsha maji, zima moto, subiri yatulie. Chota kwa kijiko cha mviringo cha aiskrimu, kizamishe kijiko chenyewe na shehena yake ndani ya maji kwa nusu dakika, ndipo uliachie donge liende peke yake. Dakika moja zaidi linakuwa limeshikana. Liopoe, likaushe kwenye kitambaa safi, liweke kwenye bakuli baridi, na uwape watu upesi. Mezani donge linatoa mvuke, limekaa sawasawa na aiskrimu, na kadiri linavyopoa linaanza kulegea pembeni na kutiririka. Umbile lake ni la kastadi iliyoiva zaidi kuliko la aiskrimu, hilo nikwambie mapema usije ukavunjika moyo. Lakini kulimwagia sharubati ya matunda baridi sana na kuona likiyeyuka kwa baridi, hakuna mgeni asiyeuliza.

Mchezo huu wa moto na baridi una historia. Mwaka 1969 Nicholas Kurti, mwanafizikia wa Oxford, alionyesha mbele ya watu kitindamlo chenye baridi nje na moto ndani, alichokipika kwa maikrowevu. Mawimbi hayo hupasha maji ya kimiminika kwa urahisi, lakini barafu huyapokea kidogo sana, basi kilichomo ndani kilichemka wakati ganda limebaki baridi. Huyohuyo Kurti, pamoja na mkemia Mfaransa Hervé This, ndio waliolipa somo hili la upishi wa kimolekuli jina lake mwaka 1988.

Vidonge vinavyopasuka mdomoni ni kazi ya alginati, inayotoka kwenye mwani. Ikikutana na kalsiamu hufanya utando. Mgahawa wa elBulli wa Ferran Adrià, huko Uhispania, ndio ulioieneza mbinu hii mezani kuanzia 2003. Kwa nyumbani nakushauri njia ya kugeuza: kalsiamu ndani ya tunda, alginati ndani ya maji, na friza ndiyo inakurahisishia. Saga tunda, changanya na kalsiamu laktati asilimia 2 (usitumie kalsiamu kloridi, ni chungu), gandisha kwenye vifinyango vya nusu duara. Andaa maji yenye alginati asilimia 0.5, yaliyosagwa kwa brenda na kuachwa hadi mapovu yaishe. Tumia maji yaliyotoneshwa, yaani ya mvuke uliopozwa, kwani ya bomba mara nyingi yana kalsiamu yake na yataharibu kazi kabla hujaanza. Dondosha vipande vilivyoganda, vyote visigusane, dakika 3, suuza kwenye maji safi. Ndani vinayeyuka, nje vina ngozi nyembamba inayotikisika ukisogeza sahani. Viweke juu ya aiskrimu wakati wa kula tu. Usivirudishe friza, maana fuwele zitatoboa utando na utakuta vimevuja.

Shanga zile, zilizoanza kuuzwa Marekani na Dippin' Dots mwaka 1988, hutengenezwa kwa kudondosha mchanganyiko kwenye nitrojeni, na zinahitaji kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 40 hivi chini ya sifuri. Kwenye friza yako zitashikana zikawa donge. Hizo ni za kununua.

Barafu kavu, yaani hewa ya ukaa iliyoganda, ina nyuzi 78.5 chini ya sifuri, na huiachia aiskrimu muwasho wa soda. Kwenye sorbeti (aiskrimu ya matunda isiyo na maziwa) ya machungwa au zabibu unapendeza, kwenye vanila naona unaharibu. Masharti yake yanafanana na ya nitrojeni: dirisha wazi, glavu, chombo kisifungwe, na hakuna anayekula mpaka kila kipande kimekwisha. Ukiwa na watoto ndani ya nyumba, singeihangaikia.

Ukitaka kujaribu kwa mpangilio, mizani yako ya jikoni huenda haisomi chini ya gramu moja, na gamu ya gramu 2 ikikosewa kwa gramu moja umekosea kwa nusu. Kwa hiyo kabla ya unga wowote tafuta mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kisha glukosi na guari, ufanye ule mchanganyiko wa kwanza na uuache friza wiki nzima ndipo uonje. Ukiukuta laini, nunua methiliselulosi ujaribu ile ya moto. Alginati ije mwisho, na uihifadhi mahali pakavu, maana unga huo ukivuta unyevu hudhoofika na utando hautashika.